Meseji Saba za Watani Wawili

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa hili: nilisoma utani nikauandika kuwa uhalifu. Kwa sababu hiyo mwanamke mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Dubai alikaa siku kumi na moja bila kumtumia binti yake sauti. Nne za kwanza ni za ujinga, na ujinga naweza kuusamehe. Saba zilizofuata nilikuwa nimeshajua. Hizo ndizo zinazonifanya niandike.

Nieleze kazi yenyewe. Kampuni zenye programu za kutumiana meseji zina mashine zinazopitia yale watu wanayoandikiana, zikitafuta dalili za uhalifu: biashara ya binadamu, dawa za kulevya, watu wanaowadhuru watoto. Mashine ikishtuka, hukata kipande cha mazungumzo na kukituma kwa mtu akisome. Kwa Kiswahili, mtu huyo ni mimi. Ofisi yetu iko Al Barsha, nyuma ya duka moja kubwa, ghorofa ya saba. Simu tunaziacha kwenye makabati mlangoni. Kila faili lina meseji saba, hazizidi, na majina yamefutwa: anayeanza kusema ni A, anayemjibu ni B. Unasoma, unafikiri kwa dakika mbili, unabonyeza. Hatari, au si hatari.

Nilipata kazi hii bila cheti chochote cha lugha. Nimekulia Nakuru, ambako Kiswahili chetu kilikuwa cha kupita njia, nusu Kiingereza, nusu chochote kilichokuwa karibu. Nilijifundisha kile kingine, cha kuandikwa, kwa kamusi ya mitumba isiyo na jalada na kwa taarifa za habari za redio, nikinakili maneno kwenye daftari na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ni ugonjwa fulani, na ulinileta mpaka Dubai: mtihani wa kuingia kazini niliupata wote, sikukosa hata swali moja, nikaamini tangu siku hiyo kwamba Kiswahili nimekimaliza.

Wiki sita za mwanzo alama yangu ya usahihi ilikuwa mia kwa mia. Ilikuwa inaonekana kwenye kona ya skrini, kwa rangi ya kijani, na kila asubuhi niliitazama kabla sijaketi vizuri. Katika wiki ya tatu niliwahi kubonyeza hatari kwa msichana aliyekuwa anaandika kwamba amefungiwa chumbani na chakula anapitishiwa dirishani. Siku chache baadaye msimamizi wetu, mama mmoja wa Kilebanoni tunayemwita madam, alituambia kwamba msichana huyo amepatikana, yuko salama. Nilikwenda msalani nikalia. Tangu hapo niliogopa kitu kimoja tu: kumpita mtu kama yule bila kumwona.

Ndipo likaja faili la wale wawili. Nalikumbuka neno kwa neno.

A: Mtumwa wangu, umeamkaje?

B: Nimeamka bwana wangu. Bado hujaniuza tu?

A: Mnunuzi nimempata. Ana mbuzi wawili, mmoja kilema.

B: Mbuzi wawili kwa mtu mzima kama mimi!

A: Pasipoti yako ninayo mimi hapa, huna pa kukimbilia. Jumapili nakukabidhi.

B: Usinipeleke mbali, nitalia.

A: Lia tu. Ukileta fujo nakufunga kamba.

Nilisoma mara moja. Pasipoti imeshikwa na mtu mwingine. Siku ya makabidhiano imetajwa, B amesema atalia, na ametishiwa kamba. Katika mafunzo tulipewa orodha ya dalili, na hapa nilizihesabu nne. Wale mbuzi niliwaona kama lugha ya siri ya wahalifu. Nilibonyeza hatari kabla ya dakika moja kwisha, nikajiona nimemwokoa mtu. Ilikuwa Alhamisi. Akaunti zote mbili zikafungwa saa hiyohiyo.

Jumatatu ikaja rufaa. Mtu aliyefungiwa ana haki ya kuandika maelezo, na maelezo ya Kiswahili yanarudi kwenye meza ya Kiswahili, maana yake kwangu. Mwanamke yule alikuwa ameandika hivi:

“Shikamooni. Mimi ndiye mliyenifungia. Mmesema nimo kwenye mambo ya kuuza watu. Huyo mliyemsoma ananiuza ni mtani wangu, yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Ni dereva. Pasipoti alikuwa nayo kwa kuwa alinifuatilia ubalozini, mimi natoka Jumapili tu na Jumapili pamefungwa. Jana amenirudishia. Jana pia nilipeleka simu kwa fundi nikidhani imeharibika, ndiye aliyenisomea kwamba nimefungiwa. Naombeni mnifungulie. Nina binti kwa mama yangu kule nyumbani. Namrekodia sauti kila alfajiri kabla bosi wangu hajaamka, naye anaisikiliza kabla ya kwenda shule. Leo siku ya nne hajanisikia.”

Kilichonishika kwanza ni ile shikamooni. Nina miaka ishirini na minne. Mwanamke huyu bila shaka ni mkubwa kwangu, na alikuwa ameamkia ofisi asiyoijua, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakubwa. Nyuma ya mlango nilikuwa nimekaa mimi.

Cha pili ni neno mtani. Nililijua, bila shaka. Kwenye daftari langu niliandika: mtani, mtu wa kufanyiana mzaha. Nilifikiri ni rafiki mcheshi. Sikuelewa kabila la mtu linaingiaje hapo, wala mzaha gani unahitaji kamba.

Mlangoni mwa jengo letu kuna mlinzi Mtanzania, mtu wa makamo, mpole. Kila asubuhi nilimkuta akirushiana maneno na dada anayesafisha ukumbi wa chini. Nilikuwa napita na visikizio masikioni, naona mikono na midomo tu, nikadhani hawapatani. Siku ile, wakati wa mapumziko ya chakula, nilishuka bila visikizio. Sikuruhusiwa kusema lolote kuhusu faili, kwa hiyo nilizunguka.

“Kaka, samahani. Mtu anaweza kumwita mwenzake mtumwa na bado wakapendana?”

Alinitazama kwa makini. “Wewe Mkenya, hilo swali umelitoa wapi?”

“Nimelisoma mahali.”

Akageuka, akapaza sauti kuelekea kwenye lifti. “We mtumwa wangu! Njoo huku, kuna Mkenya anataka kukununua.”

Dada alikuwa anapiga deki. Hakuinua hata kichwa. “Mwambie anichukue haraka, nimechoka kumlea Mnyamwezi. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, yeye kabebeshwa redio ya ulinzi analia mgongo.”

“Unamsikia? Mzaramo huyo. Hawa wakisikia ngoma wanaacha sufuria motoni. Nyumba ikiungua, wanashukuru kupata mwanga wa kuchezea.”

“Na siku ukifa nitashuka mimi kwanza kaburini kwako, nilale humo. Hawakuziki mpaka nitake mwenyewe.”

“Basi nitakufa masika, tukuone na hilo tope.”

Nilisimama katikati yao kama mtu aliyeingia kwenye mchezo bila kujua mpira uko wapi. Nilimuuliza dada kama haimuumi kuitwa vile.

“Mtu mwingine akiniita hivyo nampeleka polisi,” alisema, akakamua dekio. “Huyu ana haki. Makabila yetu yanataniana tangu enzi za babu zetu. Nilikuwa simjui, nikamkuta hapa mlangoni, alipojua tu mimi Mzaramo wa Kisarawe akaniambia, mtumwa wangu, umechelewa. Siku ile nilikuwa na wiki mbili hapa, sina mtu. Nilicheka mpaka machozi.”

Mlinzi akasema, bila mzaha sasa, kwamba mama yake alipofariki hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Alijifungia chumbani kwao Al Quoz, hali, hasemi. Wenzake wakampigia huyu dada. Akaja na sufuria ya wali siku yake ya mapumziko, akasimama nje ya chumba cha wanaume, akaanza kumsema kwa sauti: Mnyamwezi gani huyu analia kama mwali, mzigo wa pembe atauweza kweli?

“Nikatoka,” mlinzi alisema. “Nilitoka nimgombeze. Nikakuta amenipakulia.”

“Na ulikula.”

“Nilikula. Kwa hasira, lakini nilikula.”

Nikapanda lifti kurudi ghorofa ya saba, masikio yamewaka moto. Nilielewa sasa kila meseji katika zile saba. Bado hujaniuza tu: hivyo ndivyo mtu anavyouliza bado unanikumbuka. Wale mbuzi hawakuwa siri ya mtu yeyote. Dereva yule alikuwa ametumia muda wake kusimama foleni ubalozini kwa ajili ya mtu ambaye si ndugu yake, na alichagua kumjulisha kwa namna ambayo ingemchekesha mwanamke anayeamka kabla ya wote katika nyumba ya watu.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa yangu kweli.

Kufungua akaunti kuna fomu, na fomu ina visanduku viwili vya sababu. Kimoja kinasema kosa la mhakiki. Ukikiwekea alama, akaunti hufunguliwa ndani ya saa moja, na alama yako ya usahihi hushuka. Cha pili kinasema ushahidi mpya. Hicho hakikugusi, ila faili huenda kwa timu nyingine, nchi nyingine, likasubiri zamu yake. Nilitazama ile mia ya kijani pale kwenye kona. Nikajiambia kwamba maelezo ya mwanamke yule ni ushahidi, na kwamba ni mapya. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha pili.

Jumanne nilifungua faili: linasubiri. Jumatano: linasubiri. Alhamisi nililifungua mara tisa. Nilikuwa sili vizuri. Kwenye basi la kampuni, kurudi Al Quoz ninakoishi nami, nilijipangia hoja kama wakili: kwamba watu wale wangeweza kutumia simu ya kawaida, kwamba siku mbili tatu si kitu, kwamba mfumo ndio mbovu. Hoja zote zilikuwa nzuri, na zote zilinihusu mimi.

Wiki hiyohiyo mama yangu aliniandikia kutoka Nakuru. Mama huuza nguo sokoni na huandika meseji kwa kidole kimoja. Tangu nianze kazi hii nilikuwa nimebadilika naye. Zamani alizoea kuniambia, usipokula nitakuja huko nikuue kwa mwiko. Wiki yangu ya pili kazini nilimwomba aache kuandika maneno kama hayo, nikamweleza kuhusu mashine, naye akasema sawa. Mimi mwenyewe nilianza kumwandikia sentensi safi, kama barua ya kuomba kazi, nikizisoma upya kabla ya kutuma, nikifikiria mgeni anayezisoma. Sasa aliandika: “Mwanangu, siku hizi unaniandikia kama chifu. Nimekukosea? Hata kukutishia mwiko nimenyimwa, sasa nitakupenda na nini?”

Nilisoma nikiwa nimekaa kitandani, viatu bado miguuni. Nikaiweka simu kando. Kumjibu kungenilazimisha kusema na lile la faili.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na rufaa ya pili.

“Shikamooni tena. Jana mtani wangu alinipa simu yake nipige ya kawaida nyumbani. Alipokea mama yangu. Mtoto hakutaka kuamini ni mimi. Wenzake shuleni wamemwambia mama akinyamaza Uarabuni, basi ameuzwa. Aliniuliza jina la paka wetu aliyekufa ndipo akakubali. Akalia, nami nikalia, salio likakatika. Mama anasema mtoto anakwenda shule bila kunywa chai, anakaa na simu mkononi anasubiri. Sijui nimewakosea nini. Kama ni maneno yangu, nifundisheni yapi si mazuri, nitayaacha.”

Nitayaacha. Ilikuwa sauti ya mama yangu akisema sawa. Mtu mzima, mwenye adabu kuliko mimi, alikuwa tayari kutupa kitu pekee kilichokuwa kinamchekesha katika nchi hii, ili mtu asiyemwona aridhike. Na mtoto alikuwa amekaa na simu mkononi.

Nilisimama. Nilikwenda kwenye meza ya madam, nikamwambia kwa Kiingereza, bila kupanga maneno, kwamba nimekosea faili, kwamba nilijua tangu wiki iliyopita, na kwamba nilificha kwa ajili ya alama.

Alivua miwani. “Wiki nzima?”

“Siku saba, madam.”

“Na mwanamke huyo?”

“Ana mtoto.”

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alivuta kiti cha pili, akanionyesha niketi, akafungua fomu kwenye skrini yake na kunisogezea kipanya. “Weka alama mwenyewe,” alisema. Nikaweka: kosa la mhakiki. Jina langu likajitokeza chini yake, herufi kubwa. Zilipita dakika arobaini. Tulikaa pale wote wawili, yeye akijibu barua zake, mimi nikitazama, mpaka maandishi yakabadilika: imefunguliwa. Ya dereva pia.

“Khalas, imekwisha,” madam alisema. “Sasa niambie. Mengine mangapi?”

Sikuwa nimejiuliza. Aliniagiza nisome upya kila nililolifunga katika wiki zile sita, na hapo nikagundua jambo ambalo lingenichekesha kama lisingekuwa langu. Alama yangu ilikuwa mia kwa sababu hakuna mtu mwingine pale aliyejua Kiswahili. Aliyenikagua alikuwa mashine, ileile iliyoniletea mafaili. Nilipokubaliana nayo, ilinipa tiki. Kwa wiki sita nilikuwa nimejivunia kukubaliana na mashine.

Nilikuta mengine mawili. La kwanza, bibi mmoja alikuwa akimtisha mjukuu wake kwa fimbo, kwa lugha ambayo mama yangu angeitambua mara moja. La pili mpaka leo sina hakika nalo. Nilifungua lile la bibi. Lile jingine nililipeleka kwa madam, nikamwambia sijui, neno ambalo sikuwahi kulisema katika chumba kile.

Sikujua na sitajua kilichotokea baada ya akaunti ile kufunguliwa. Faili likifungwa linaondoka mbele ya macho yetu, na ni haki liondoke. Nimejaribu kufikiria alfajiri ya Jumanne ile, jikoni kwa watu, mwanamke ameshika simu karibu na mdomo ili asiwaamshe waliolala. Huwa najizuia kufika mbali. Maneno atakayomwambia mtoto wake si yangu hata kwa kuyatunga.

Jioni ya Jumatatu hiyo nilimpigia mama. Nilimweleza kwamba nimekosea kazini na kwamba mtu ameumia. Hakuuliza ni nani. Aliuliza kama nimekula. Nikasema bado.

“Ngoja nije huko na mwiko,” alisema.

Bado nafanya kazi ileile. Wengine wananiuliza kwa nini, nami huwaambia kuhusu msichana wa dirishani. Lakini kuna jambo linalonisumbua na sijalipatia dawa: ili nisikosee tena, ninapaswa kuomba meseji zaidi ya zile saba, yaani niingie ndani zaidi katika nyumba za watu ambao hawakunialika. Nikisoma machache nawaonea, na nikisoma mengi ninawachungulia. Kuna siku naomba zaidi, na kuna siku naacha. Siku zote najua kwamba kuna mtu ameandika akidhani wako wawili tu.

Kilichobadilika ni hiki. Akaunti ya Kiswahili sasa haifungwi na mtu mmoja. Tunasoma wawili, na mwenzangu ni mama mmoja kutoka Morogoro, ambaye wiki yake ya kwanza alinirudishia mafaili manne. Rufaa husomwa siku ileile zinapofika. Alama yangu ni tisini na moja, na nikikosea naandika kosa la mhakiki kabla ya chakula cha mchana.